Sakafu ya Chumba cha Rangi

Binti yangu aliniomba nijifanye simjui kwa wiki sita, na mimi nikakubali kabla hata chai haijapoa.

Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akawa anakizungusha kikombe bila kunywa. Nikajua kuna jambo. Kampuni yao ya ubunifu wa majengo ilikuwa imempa jengo lake la kwanza alisimamie mwenyewe: kiwanda cha nguo kilichofungwa miaka mingi, upande ule walikokuwa wanatia vitambaa rangi. Kampuni moja ya matangazo ilikuwa imekinunua na inataka kukigeuza ofisi. Kuta zingebaki matofali yake, nguzo zingebaki chuma chake, lakini sakafu ilitakiwa iwe mpya, ya vinili, yaani vibao vya plastiki, nzuri ya kutazama na ya kudumu.

"Hakuna mtu anayeijua vinili kama wewe, mama," akasema. "Nataka uitandike wewe."

Nikavimba kichwa. Miaka ishirini na saba natandika sakafu, tangu siku baba yake alipofariki na kuniachia mwiko wake wa meno wa kupakia gundi na wateja wawili, na kila siku nilikuwa nasubiri mtoto huyu aione kazi yangu kuwa ni kazi. Kilemba kile cha ukoka nilikivaa mwenyewe, hakuna aliyenivika kwa nguvu.

"Ila kuna kitu kimoja," akaendelea. Mwenzao ofisini alikuwa amefukuzwa kwa kumpa shemeji yake kazi ya kupaka rangi. Wakubwa sasa walikuwa wakali, hawataki kusikia habari za ndugu. "Kwa hiyo pale kazini wewe ni fundi, mimi ni mbunifu. Basi. Usiniite mwanangu, na mimi sitakuita mama."

"Na nikupigie saluti?"

"Mama, usianze."

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini wakati anaitoa alikuwa anaitazama mikono yangu. Nina gundi kwenye kucha tangu hajaingia shule ya msingi, na haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Siku ya mahafali yake ya chuo aliniletea glavu nyeupe, akaniambia ndiyo mtindo wa kina mama siku hizi. Nikazivaa. Tulikuwa kina mama zaidi ya mia mbili katika ule ukumbi na mwenye glavu nilikuwa peke yangu. Nilimwambia tu kwamba zimenikaa vizuri.

Basi Jumatatu nikaenda kumjua upya.

Chumba cha rangi kilikuwa kirefu kiasi kwamba mtu aliyesimama mwisho wake humtambui uso. Paa lake lilikuwa la ngazi ngazi, kila ngazi na kioo chake, mwanga unamwagika kutoka juu. Zege la chini lilikuwa na madoa ya bluu, zambarau na nyekundu ya damu ya mzee, na mifereji ya kupitishia maji ilikuwa imezibwa kwa saruji mbaya mbaya. Nilivua viatu nikatembea peku kutoka mlangoni hadi ukutani, maana ndivyo ninavyoanza. Macho hudanganywa na rangi, unyayo haudanganyiki kirahisi. Karibu na mifereji zege lilikuwa baridi kuliko kwingine, baridi ya kitu chenye maji tumboni.

"Fundi, tafadhali vaa viatu vya usalama," binti yangu akaniambia mbele ya watu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

Nikavaa. Mlinzi wa getini aliniita mama. Mkurugenzi wa ile kampuni ya matangazo, bwana mmoja wa viatu vyeupe visivyojua vumbi, naye aliniita mama, kwa adabu tu, kama mtu yeyote anavyomwita mwanamke wa umri wangu. Vibarua waliokuwa wanabomoa ukuta wakaniita mama. Katika jengo zima mtu aliyeniita fundi alikuwa mmoja, naye ndiye niliyemzaa.

Nilikuwa nimebeba sampuli saba. Mkurugenzi akazichezea chezea, akasema yeye angependa ile inayofanana na zege.

"Tulifunike zege kwa plastiki yenye picha ya zege?" nikauliza, na kicheko kikanitoka. Mkurugenzi naye akacheka. Binti yangu akanikata jicho ambalo ningemfinya kwalo kama tungekuwa nyumbani.

Watu huchagua sakafu vibaya. Hushika kipande mkononi dukani, wakakiinua usawa wa uso kama picha ya ukutani, wakasema hiki hapa. Sakafu hailali ukutani. Mimi nilizilaza sampuli zote chini ya vile vioo, nikazitazama asubuhi, nikazitazama tena saa tisa jua likiwa limegeuka. Kisha nikazitesa. Nikazikwaruza kwa ufunguo, nikazimwagia kahawa, nikazipaka kiwi ya viatu nikaiacha ikauke. Nikaomba kiti cha ofisi chenye magurudumu, nikakipakia mfuko wa saruji, nikakisukuma huku na huko juu ya kila kipande mara mia tatu, huku vibarua wakinitania kwamba mama kampeleka mtoto matembezi.

Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa vibao vinene vya rangi ya mkaa, vya kubanana vyenyewe bila gundi. Kwenye ukumbi mpana kama ule lazima uviwekee vijiti vya kuungia kila baada ya nguzo chache, vipate nafasi ya kutanuka. Ya pili ilikuwa vibao vyembamba vya rangi ya mti mweupe, tabaka lake la kinga nusu milimita, vya kubandika kwa gundi moja kwa moja, bila kijiti hata kimoja kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho.

Binti yangu akapiga goti pale chini na suruali yake safi, akainamisha kichwa hadi shavu likakaribia zege, akaitazama ile nyeupe kwa ubapa, mwanga ukipita juu yake. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha akiwa na miaka sita, siku za likizo nilipokosa wa kumwachia nikawa namburura kazini. Nilijisikia raha mpaka machozi yakanisogea.

"Hii," akasema.

Na alikuwa na haki. Ile nyeusi ingeonyesha kila chembe ya vumbi na ingeukata ukumbi vipande vipande. Ile nyeupe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Shida ilikuwa ni kilicho chini yake.

Kipimo cha unyevu cha kwetu sisi mafundi wa zamani ni rahisi. Unakata vipande vya nailoni safi, mraba wa kama mkono mmoja, unavibandika juu ya zege kwa utepe pande zote nne hewa isipite, unaviacha siku tatu. Kama zege ni kavu, nailoni inabaki kavu. Niliweka vipande vitano. Siku ya nne nikaenda mapema kabla ya watu, nikakuta vitatu vinatoka jasho, matone yamejipanga ndani na zege chini yake limekuwa jeusi. Miaka yote waliyomwaga maji ya rangi pale, zege lilikuwa limeyanywa, na mashine zilipoondoka halikuyatapika.

Nikapiga picha. Nikamtumia binti yangu kwenye simu: "Mwanangu, tazama jasho hili. Zege limelowa. Tulipake kizuia maji kwanza, tabaka mbili, siku tisa. Bila hivyo gundi haitashika. Umekula?"

Akanijibu kwa alama ya moyo na neno moja: "Nimekula."

Jumapili akaja kula mchana. Nikamwambia tena, nikiwa nampakulia.

"Mama, siku tisa sina. Wana wageni wao siku ya ufunguzi, tarehe imeshatangazwa."

"Basi chukua ile nyeusi. Haina gundi. Hata chini kukiwa na jasho itavumilia."

"Ile ina vijiti. Inauharibu ukumbi."

"Na hii itainuka. Itafura kama andazi."

"Umeanza, mama."

"Sijaanza. Nakwambia kama fundi."

"Unaniambia huku unaniongezea mchuzi ambao sijauomba," akasema, akacheka, nami nikacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye jino lake linalomsumbua.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo nisingelifanya kwa mbunifu mwingine yeyote duniani. Kwa mwingine ningesimama katikati ya ukumbi mbele ya kila mtu, ningeionyesha ile nailoni yenye matone, ningetoa daftari langu la nakala na kumwambia weka sahihi hapa kwamba nimekuonya. Nimeshawasainisha wabunifu wenye vyeo, wamenuna na wamesaini. Lakini nani anamsainisha mtoto wake mezani, katikati ya sahani? Niliyasema maneno ya kazi mahali pa maneno ya nyumbani. Akayasikia kama anavyosikia "vaa sweta" na "mpigie simu shangazi yako." Yaliingia kwenye lile fungu la kelele za mama ambalo kila mtoto mkubwa hujifunza kuliitikia bila kulisikiliza.

Jumatatu tukawa na kikao pale chumba cha rangi, mkurugenzi na bosi wa binti yangu wakiwepo. Mkurugenzi akaniuliza mimi mwenyewe: "Mama, sakafu iko tayari? Tuendelee?"

Nikamtazama binti yangu. Naye alikuwa ananitazama, na katika macho yale hakukuwa na mbunifu hata kidogo. Yalikuwa ni yale ya siku alipovunja dirisha la jirani, jirani amesimama mlangoni na mimi bado sijatamka neno. Nikijibu hapana, mbele ya bosi wake na mwenye jengo, jengo lake la kwanza linachelewa na yeye ndiye aliyesema liko tayari. Na nikijiondoa, atamwita fundi mwingine atakayebandika bila hata kutazama.

"Iko tayari," nikasema.

Nitalijibia neno hilo mpaka naingia kaburini. Hakuna aliyenilazimisha. Ulimi ni wangu.

Nikafanya kila anachoweza kukifanya mtu aliyeshajua. Nikanunua gundi bora kuliko iliyoandikwa, tofauti nikaitoa mfukoni mwangu. Nikasawazisha mifereji, nikaweka pimamaji kila hatua, nikaleta mafeni makubwa kukausha kwa siku mbili nilizofanikiwa kuziiba. Tukatandika siku kumi na moja, mimi na wasaidizi wangu wawili, magoti yakiwaka moto. Kingo nilizikata zikaizunguka kila nguzo bila pengo la kuingiza wembe. Tulipomaliza tukasimama mlangoni, na wasaidizi wangu, watu wasiosifu kitu, wakatoa simu wakaipiga picha. Sijawahi kutandika sakafu nzuri kama ile. Siku ya ufunguzi sikualikwa. Binti yangu alinionyesha picha, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Tumeweza."

Wiki ya kumi baada ya ufunguzi simu ikalia.

"Fundi, unahitajika kwenye jengo," akasema. Nikajua hayuko peke yake.

Nilipofungua mlango harufu ikanipokea, harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Madirisha yalikuwa yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, na unyevu uliokuwa umelala ukawa umekosa pa kutokea isipokuwa juu. Vibao vilikuwa vimeinua ncha. Katikati ya ukumbi kulikuwa na mavimbe ya ukubwa wa sinia. Kwenye maungio gundi ilikuwa inachuruzika, nyeusi na laini, na magurudumu ya viti yalikuwa yameikokota yakachora barabara kutoka meza hadi meza. Wafanyakazi walikuwa wamesogezwa upande mmoja wa chumba. Wakanitazama nikipita, wote wakiwa na mtu mmoja wa kumlaumu, ambaye ni mimi.

Walikuwepo watatu wakinisubiri: mkurugenzi, binti yangu aliyeikumbatia kompyuta yake bapa kifuani, na mkaguzi aliyeletwa na wauzaji wa vinili. Huyu alikuwa mtu mzima mwenzangu, na magoti ya suruali yake yalikuwa yamechakaa, kwa hiyo nikajua naye amewahi kupiga magoti. Akaniomba kisu changu, akainua kibao kimoja. Chini yake maji yalikuwa yanang'aa. Akaweka kipimo chake cha betri juu ya zege, akasoma, akapiga mluzi.

"Hili zege halikuwa tayari," akasema. "Mama, ulipima kabla?"

Nikainama nikayagusa yale maji kwa kidole.

"Nakuuliza kwa sababu jibu lako ndilo litakaloamua," akaeleza, taratibu, kwa heshima. "Kama fundi alipima na akamweleza mbunifu, na mbunifu akasema endelea, basi hili ni la kampuni ya ubunifu. Kama fundi hakupima, ni la fundi, na sisi wauzaji tunalazimika kumtoa kwenye orodha yetu. Una chochote? Karatasi? Picha? Hata ujumbe wa simu unatosha."

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, imelala juu ya paja langu. Orodha ile ya wauzaji ndiyo iliyokuwa inanipa kazi. Ukitolewa hapo, maduka yote yanakuona mtu wa kuharibu, na miaka ishirini na saba ambayo sijawahi kuitwa kurudia sakafu hata moja inafutika mchana mmoja. Nilihitaji kutoa simu tu, nikaifungua, nikampa. Picha zipo, tarehe ipo, maneno yapo. Na neno la kwanza juu kabisa ni "Mwanangu."

Angefukuzwa siku hiyo hiyo. Sio kwa ajili ya maji peke yake, bali kwa yote mawili, kuonywa akapuuza na kuficha kwamba mimi ni mama yake.

Nikampa nafasi. Nasema kweli, nilimpa nafasi ndefu. Nilimtazama, nikamwomba kimoyomoyo aseme neno dogo tu, kwamba fundi aliwahi kutaja unyevu, kwamba hakumwelewa vizuri, kwamba muda ulikuwa mfupi. Hakuhitaji kusema mimi ni nani wake. Alihitaji kusema nilifanya kazi yangu. Macho yake yalikuwa kwenye kibao kile kilichoinuliwa, na midomo ameibana.

"Sikupima," nikasema.

Mkaguzi akanitazama. Kisha akazitazama kingo za vibao kwenye nguzo, namna zilivyokatwa, akanitazama tena. "Hukupima kabisa?"

"Niliangalia kwa macho tu."

Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi wa kawaida, lakini huo ndio ulionivua nguo. Hakuna fundi wa rika langu anayeangalia kwa macho. Mkaguzi alijua, nikaona kwamba amejua, na kwamba hana la kufanya. Akaandika.

"Kumbe hata kupima hukupima!" mkurugenzi akafoka. Neno mama hakulitumia tena, na siwezi kumlaumu, kwa alichokisikia. "Nataka huyu mwanamke aibandue yote, na sitaki kumwona tena humu."

Nikamtazama binti yangu kwa pembe ya jicho. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Alivuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua mzigo, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kumwona akipumua. Nikajiambia ni woga. Nimemlea, naujua woga wake, nitaumeza huu kama nilivyomeza mengine, na Jumapili atakuja, atakaa jikoni, tutalia wote wawili na yataisha. Nikapiga goti kuanza kubandua.

Nilikuwa nimeshashika kibao cha kwanza nilipoisikia sauti yake juu ya kichwa changu, ikimwambia mkurugenzi, imetulia, haina hata mtetemo.

"Ndiyo shida ya hawa mafundi wa mtaani," akasema. "Unawaamini, kumbe hawana wanalolijua."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.